Mti Tuliodhani Tunaujua

Tulifika Mildura mwaka 2014, mume na mke na watoto watatu, baada ya miaka 17 katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Mji huo uko Australia, katika jimbo la Victoria, ukingoni mwa mto Murray. Asubuhi ya kwanza tulipotoka nje, kabla hatujajua hata njia ya dukani, tulisikia harufu tuliyoifahamu. Tukatazamana. Ilikuwa harufu ya mkaratusi.

Wapendwa, yeyote aliyeishi kambini anajua mti huo ni nini. Mtoto akishikwa na mafua, majani yake huchemshwa, naye hufunikwa blanketi ajifukize. Nyumba inataka nguzo, nguzo ni mkaratusi. Jua likiwa kali, ibada huhamia chini yake. Kwetu Fizi wazee waliuita mti wa kuletwa, lakini kambini hatukuuliza umeletwa na nani. Nasi pia tulikuwa tumeletwa.

Chini ya mkaratusi mmoja, pembeni mwa makaburi, tulimzika binti yetu wa kwanza. Malaria ilimchukua akiwa na miaka 4. Mmoja wetu alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza. Tangu siku ile aliendelea kuja kanisani, aliomba, alisema amina, lakini hakuimba tena. Siku ya kupanda basi la kuondoka, hatukulilia kibanda chetu. Tulilia kwa sababu ya mti ule, maana ndio uliokuwa alama yetu ya kaburi.

Basi tulipousikia mkaratusi huku, tulisema, kumbe hata huku wameuleta. Tulikosea. Huku haukuletwa na mtu. Huku ndiko kwao. Wageni tulikuwa sisi.

Jumapili moja, baada ya ibada, tulitandika mikeka kando ya mto chini ya mti mkubwa sana. Mzee mmoja wa kanisa lililotupokea alikuja mbio, akipunga mikono, akituonyesha tuhame. Kiingereza chetu kilikuwa kidogo. Tulikunja mikeka kimya, mioyo ikiuma, tukadhani tumefukuzwa kwenye kivuli kama tulivyozoea kufukuzwa kwingine. Ndipo mzee akaonyesha juu, kisha akaangusha mkono wake ghafla hadi chini. Mti ule, siku ya joto, huweza kuangusha tawi zima bila upepo wala onyo. Hakuwa anatufukuza. Alikuwa anatuokoa. Tulimwomba Mungu msamaha usiku ule kwa maneno tuliyosemezana kwa lugha yetu.

Mzee huyo alikuwa amefanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha kupasua mbao, akawa mwalimu wetu. Alitufundisha kwamba mti ule ni mkaratusi mwekundu wa mtoni, mmoja kati ya aina zaidi ya 700 za mikaratusi. Unamea kando ya mito karibu bara zima la Australia, na umepandwa pia Afrika Mashariki, hasa sehemu kavu. Gome lake ni laini, lenye mabaka meupe na ya kijivu, lakini ndani mbao ni nyekundu kama nyama. Ni nzito na mchwa huishindwa, ndiyo maana zamani zilitumika kwa mataruma ya reli, nguzo za ua na nguzo za gati. Nyuki hupenda maua yake. Kila ua, kabla halijafunguka, lina kofia ndogo yenye ncha, na kofia hiyo ikidondoka nyuzi nyeupe hutokeza. Jina la mikaratusi katika lugha za wataalamu linatoka kwenye Kigiriki, na maana yake ni kufunikwa vizuri.

Jina lake la pili ni camaldulensis. Lilitolewa mwaka 1832 na mtunza bustani aitwaye Dehnhardt, aliyeuona ukikua katika bustani ya Camaldoli, karibu na Napoli, Italia, mahali palipopata jina lake kwa watawa. Mti wa Australia, jina la Italia! Tulicheka sana. Sisi wenyewe hati zetu zinasema tulizaliwa sote wawili tarehe 1 Januari.

Jambo moja mzee alituonyesha hatutalisahau. Ni mti wenye kovu refu shinani, urefu wa mtu na zaidi. Wenyeji wa kwanza wa mto huu, Walatji Latji na jirani zao, walikuwa wakibandua gome la mkaratusi kwa kipande kimoja wakatengeneza mtumbwi. Hawakuukata mti. Waliondoka na mtumbwi, mti ukaendelea kuishi. Kovu lile halikuzibika. Kingo zake zilinenepa tu kulizunguka, mwaka baada ya mwaka. Mmoja wetu aliweka kiganja pale akakaa kimya muda mrefu. Watu wengi, kwa nia njema, walikuwa wametuambia kwamba muda utaziba. Mti ule haukutuambia hivyo.

Mwishoni mwa mwaka 2022 mto Murray ulifurika. Maji yaliingia msituni, njia zikafungwa, na mikaratusi ikasimama majini kwa wiki nyingi. Tulidhani itakufa. Mzee alitikisa kichwa. Alisema kilichoiua mikaratusi mingi ni ukame mrefu wa miaka ya 2000, si mafuriko. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na zikianguka kwenye ardhi kavu ni kazi bure. Zinangoja maji yapande, yashuke, yaache tope.

Mwaka uliofuata, maji yaliposhuka, tulirudi pale pale. Tope lilikuwa limejaa miche, mingi kama nywele, kijani kibichi, mirefu kama kidole. Mzee alisema wazi kwamba mingi haitafika mwaka wa pili. Hatukuona sababu ya kubishana naye. Sisi tunajua watoto wasiofika mwaka wa pili, na wanaofika wa nne tu.

Ayubu katika maumivu yake aliuonea wivu mti, kwa kuwa ulikuwa na tumaini ambalo yeye hakuliona kwake. Tumeisoma sura hiyo mara nyingi. Pale mtoni tuliona kwamba hata wivu wa namna hiyo ni maombi, na Mungu hakumkemea kwa ajili yake.

Tulisimama kwenye tope, viatu mkononi. Yule aliyekuwa hajaimba kwa miaka mingi alianza wimbo wa kwaya yetu ya kambini, kwa sauti ya chini, akakosea mwanzo, akaanza upya. Mwenzake akaingia na besi. Watoto hawaujui wimbo huo, walitutazama tu. Tuliimba ubeti mmoja, si zaidi.

Kaburi bado liko Nyarugusu, nasi bado tuko Mildura. Jumapili tunatandika mikeka kando ya mto, mbali kidogo na matawi.