Likuta juu ya mkono wa pikapu

Sisi wa Bel-Air, hapa komini ya Kampemba, tukizungumzia desturi tunataja ndoa, matanga na kupokea wageni. Iko nyingine ndogo ya nyumbani ambayo hatuitaji: kuweka likuta la wakati wa Zaïre juu ya kichwa cha pikapu, ile mashini ya kupigisha sahani za muziki. Sahani ikianza kuruka, kila mutu anajua dawa: "Weka makuta pale juu, itatulia."

Desturi hiyo ina asili yake. Sahani za zamani, zile za kuzunguka mara 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Zilivunjika upesi zikianguka, lakini zilivumilia sindano ya chuma na kichwa cha gramofoni chenye kupita gramu 100. Ndivyo bazee wetu walisikia gita ya Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimurekodi mwaka 1952 mu Jadotville, Likasi ya leo. Kwao uzito ulikuwa wa lazima.

Kisha vinili ikafika, sahani za mizunguko 33 na 45. Vinili ni laini, na mfereji wake ni mwembamba karibu mara tatu kuliko ule wa 78. Mashini ilibadilika, mazoea yakabaki. Gramu chache za likuta zinakuwa mzigo mkubwa sana pa ncha ya sindano, na kila tukipigisha wimbo tunaukwangua. Sauti za juu zinatangulia kufa: "s" inakuwa "sh", nyuzi nyembamba za gita zinazimika.

Basi tufanye je? Mkono wa pikapu ni mizani, na mizani kila mama wa sokoni anaijua. Kwanza pikapu ikae sawasawa juu ya meza. Kile kifungo kinachozuia mkono usivutwe katikati kiwekwe pa sufuri. Zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe, usipande wala usishuke. Hapo geuza pete ya namba peke yake iwe sufuri, halafu zungusha uzito pamoja na pete mpaka gramu zinazoombwa na kichwa chako: vingi vya sumaku vinataka karibu 2, vile vya kizamani vya kristali 4 mpaka 6. Mwisho, kifungo kile kipewe namba ileile.

Wengine, kwa kuogopa, wanapunguza kupita kiasi. Ni vibaya vilevile: sindano nyepesi inarukaruka na kugonga kuta za mfereji. Na sahani ya 78 ina sindano yake, nene. Ile ya vinili inazama chini na kusoma vumbi.

Ndugu musomaji, nyimbo kadhaa za zamani ziko leo mu CD na intaneti. Lakini mu makabati yetu kuna sahani ambazo pengine hazina pacha, na ndani yake Kiswahili cha Katanga jinsi bazee walivyokitamka: namna ya kuita, kucheka, kuvuta neno. Tukikwangua sauti ile, hakuna fundi wa kuirudisha. Likuta tulionyeshe watoto, tuwaambie lilinunua nini. Pa mkono wa pikapu, tuliondoe.