Gundi ya Kuungia Mataruma

Zamani fundi wa mashua alipohitaji taruma alishika shoka akaingia mwituni kutafuta tawi lililojikunja lenyewe. Siku hizi miti ya namna hiyo ni haba. Kwa hiyo mimi napasua ubao kuwa vibao vyembamba, navipaka gundi, navikunja pamoja juu ya kigezo na kuvibana hata vigandamane. Lakini yote yategemea gundi.

Shemeji yangu, aliyeniagiza mashua ya dagaa, aliniletea kopo la gundi nyeupe ya makabati. “Mbona imekishika kiti changu miaka kumi?” Kweli, lakini kiti hakikai majini. Tena kibao kilichokunjwa hutaka kunyooka usiku na mchana, na gundi ile, hata ikiisha kukauka, hulegea polepole ikivutwa hivyo. Humo watalala wavuvi sita ziwani.

Gundi iliyotokana na maziwa nayo sikuitaka. Waingereza, katika Vita Kuu ya Pili, waliitumia kwanza kuundia ndege yao ya mbao, Mosquito; baadaye waliiacha wakashika gundi ya viwandani, maana ile ya maziwa haivumilii unyevu wa nchi za joto.

Kwa maji, bora ni resosinoli, ile yenye rangi ya damu ya mzee. Hata ikichemshwa haiachii. Ila yataka mbao zikutane barabara na majiliwa yakazwe sana, kwani haishiki penye nafasi. Kwa randa yangu ya mkono ni kazi ngumu.

Basi nikachagua epoksi. Yenyewe huziba nafasi, na haitaki kukazwa mno; ukiikamua yote nje, ubao hubaki mkavu. Dawa zake mbili zipimwe sawasawa: kuzidisha ile ya kukaushia ili iwahi ni kuiharibu. Jua kali huilegeza, hivyo mashua nitaipaka rangi nyeupe, si nyeusi. Na mikono ivae mipira, maana ngozi ikiisha kuikataa epoksi haikubali tena.

Kabla ya kuanza niliunga vipande vya gundi zote mbili, ile nyeupe na epoksi, nikavizamisha katika ndoo siku saba, nikavianika, nikarudia mara tatu. Kisha nikavipasua kwa patasi. Cha gundi nyeupe kiliachana kama ganda la ndizi. Cha epoksi ulichanika ubao, kiungo kikabaki. Shemeji alivigeuza-geuza mkononi, akachukua kopo lake, akaniuliza epoksi huuzwa wapi.