Ugonjwa Uliotangulia Jina

Mwanangu wa pili alizaliwa mwaka 2021 hapa Ilomba, jijini Mbeya. Siku ya saba tulimfanyia akika, akapewa jina, ndugu wakala na kumwombea dua. Hatukujua kuwa mtoto yule alikuwa tayari na maradhi yaliyotangulia jina lake.

Wakati ule Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa ukiandikisha watoto kwa Toto Afya Kadi, shilingi 50,400 kwa mwaka. Mume wangu, mwenye kibanda cha nguo Mwanjelwa, alilitaja jambo hilo mara mbili. Mimi ndiye niliyejibu: "Baba Nasra, mtoto ni mzima. Fedha hiyo tuongeze mtaji kwanza." Maneno hayo hunirudia hadi leo.

Juni 2023, baridi ilipokuwa kali, mikono na miguu ya mtoto ilivimba, akalia usiku kucha. Vipimo vilionesha selimundu, maradhi ya damu ambayo mtoto huyarithi kwa wazazi wote wawili. Ndipo tulipoikimbilia bima, tukakuta mlango umefungwa. Tangu Machi mwaka huo uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulikuwa umesitishwa, na watoto walitakiwa kuandikishwa kupitia shule. Wetu alikuwa na miaka miwili. Sababu iliyotolewa na Mfuko ilinichoma, maana nilijiona ndani yake: wazazi wengi walikuwa wakiwaandikisha watoto walipokwisha kuugua, na gharama zikazidi michango.

Tukaenda kwa wakala wa kampuni moja binafsi. Fomu iliuliza kama mtoto ana ugonjwa wowote aliokuwa nao kabla ya bima. Wakala akasema kwa sauti ya chini, "Mama, jazeni hapana. Nani atajua?" Kalamu ilikuwa mkononi mwa mume wangu. Sitajifanya mchamungu kuliko nilivyokuwa siku ile: nilitamani aandike hapana. Yeye akasema, "Mama Nasra, Mtume (s.a.w.) alimkemea muuza nafaka aliyeificha iliyolowa chini ya iliyo kavu. Na hili ni lile lile." Akaandika ndiyo.

Majibu yakaja: mtoto anakubaliwa, ila selimundu na kila kitokanacho nayo havitalipiwa. Yaani angetibiwa kila kitu isipokuwa kile kinachomliza. Tukaiacha bima ile.

Hasira ilipopoa, nilielewa. Bima ni kama chama chetu cha kuzikana pale mtaani: anayejiunga siku ya msiba hubebwa na michango ya wenzake waliotangulia kuchangia. Na laiti tungeficha, siku kumbukumbu za hospitali zingeonekana, kampuni ingeweza kuukana mkataba wote, nasi tungebaki bila bima na bila uso.

Hata hivyo hoja hiyo haimtoshi mwanangu. Mtu mzima anaweza kulaumiwa kwa kungoja hadi augue. Mtoto wa selimundu hakupata hata siku moja ya kuwa mzima, angejiunga lini? Kwa hiyo naiunga mkono Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Tukiingia sote, wazima kwa wagonjwa, mzigo wa mtoto mmoja utabebwa na wengi bila kumuuliza alianza kuugua lini.

Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu tulilipia matibabu taslimu, na kibanda cha Mwanjelwa kikapungua nguo hadi zikabaki za kuhesabika. Mtaji nilioulinda kwa shilingi 50,400 ulikwisha kwa njia hiyo. Mwanzoni mwa 2025 Toto Afya Kadi iliporejeshwa, tuliwaandikisha watoto wetu. Tulianza na kitinda mimba, mwenye miezi minne, ambaye hajawahi hata kukohoa.

Mzazi mwenzangu, kabla ya kutia saini, mwambie wakala akusomee sehemu ya magonjwa yasiyolipiwa na muda wa kusubiri. Kisha jibu kila swali kwa ukweli. Na kama mwanao leo ni mzima, sema Alhamdulillah, uende ukamwandikishe.