Njia Ni Yesu. Na Wazee Wetu Je?



Wapendwa wanaparokia, na ninyi nyote mnaotusoma kutoka mbali, Injili ya Jumapili ya 5 ya Pasaka, Mwaka A (Yoh 14:1-12), inatuketisha mezani pamoja na Bwana katika usiku ule wa mwisho. Yuda amekwisha kutoka nje. Petro ameambiwa kwamba jogoo hatawika kabla hajamkana Bwana wake. Mioyo imefadhaika. Ndipo Tomaso, mtu asiyependa kujifanya ameelewa, anapokiri kwamba hawajui Bwana anakokwenda. Sasa njia wataijuaje? Kuuliza si ujinga. Pasipo swali la Tomaso huenda tusingelipata jibu ambalo Wakristo wa karne zote wamelishika kama mhimili wa imani yao: kwamba Yesu mwenyewe ndiye njia, ndiye ukweli, ndiye uzima, wala hakuna anayemfikia Baba isipokuwa kwa kupitia kwake.

Hilo tunaliamini, wala hatuna ruhusa ya kulipunguza. Lakini katika nchi kama yetu, ambamo mtu hula pilau ya Idi kwa shangazi yake na wali wa Krismasi kwa mjomba wake, neno hilo haliishii kanisani. Linaingia nyumbani, na huko nyumbani linaweza kuumiza. Sisi mapadre tunaulizwa swali hili mara nyingi kuliko mnavyodhani, na karibu kila mara tunaulizwa nje, baada ya Misa, kwa sauti ya chini, watu wengine wakiwa wamekwisha kuondoka: "Padre, mzee wangu aliishi na kufa Mwislamu. Alitulea kwa haki. Mimi nilipotaka kubatizwa hakunizuia, na siku yenyewe alikuja akakaa benchi la nyuma. Je, Injili ya leo ina maana kwamba hatutaonana tena?" Wengine huuliza juu ya bibi aliyefariki katika dini ya jadi, asiyewahi kusikia jina la Yesu hata mara moja. Tukumbuke kwamba Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Wazee wetu waliozikwa bara kabla ya mwaka huo ni wengi kuliko tunavyoweza kuwahesabu.

Majibu mepesi yapo mawili, nasi hatuyapendi yote mawili. La kwanza ni la wenzetu wa vipaza sauti viwanjani, ambao wameshajua nani yuko motoni na kwa muda gani, kana kwamba wamekabidhiwa daftari la Hakimu. La pili ni la watu wapole wanaosema kwamba dini zote ni sawa, kila mtu na njia yake, Mungu ni mmoja, yaishe. Hili la pili linasikika zuri msibani, lakini tukilichunguza, linamfanya Kristo kuwa mmoja wa walimu wengi, na msalaba wake kuwa jambo ambalo lingeweza kuachwa. Kama ndivyo, wafiadini wa Uganda walikufa bure kati ya 1885 na 1887.

Swali lenyewe si jipya. Mtakatifu Fransisko Ksaveri, msimamizi wa misioni, alipokuwa njiani kwenda India mwaka 1542, meli yake ilitia nanga Malindi, katika pwani hii hii yetu. Huko alizungumza na Mwislamu mmoja mheshimiwa wa mji, aliyemwuliza kama Wakristo kwao huyahudhuria makanisa yao na kama husali kwa bidii. Maana katika mji wake, alisema kwa masikitiko, misikiti ilikuwa 17 na iliyokuwa ikihudhuriwa ni 3 tu. (Paroko yeyote anayehesabu watu Misa ya pili atamwonea huruma mzee huyo.) Ksaveri alimjibu kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini, na kwa hiyo ameziacha zififie. Waliachana kila mmoja akibaki na lake.

Miaka michache baadaye mtakatifu huyo huyo alikuwa Japani, alikofika tarehe 15 Agosti 1549. Katika barua yake ya Januari 1552 anaeleza jinsi Wajapani aliowabatiza walivyohuzunika kwa ajili ya wazazi na mababu zao waliokufa bila kumjua Kristo. Walimwuliza kama hakuna lolote linaloweza kufanyika, sadaka au sala. Aliwajibu kwamba hakuna. Walilia, naye anakiri kwamba iliumiza moyo wake kuwaona rafiki zake wakilia. Tunaposoma habari hiyo tunamheshimu kwa machozi yake, maana mhubiri wa hukumu asiye na machozi ni wa kuogopwa. Hata hivyo, katika barua hiyo hiyo aliandika pia kwamba Wajapani walijua kuua na kuiba ni uovu kabla hawajafundishwa na mtu, kwa kuwa Muumba aliwaandikia sheria yake moyoni. Hapo alikuwa ameshika ncha ya uzi ambao Kanisa liliuvuta polepole baada yake.

Uzi huo ni wa zamani. Mtakatifu Yustino, mfiadini wa karne ya 2, alikwisha kufundisha kwamba Neno wa Mungu alipanda mbegu zake kwa watu hata kabla ya kuzaliwa Bethlehemu, na waliofuata mbegu hiyo walikuwa wa Kristo bila kujua. Na Mtakatifu Sipriani wa Kartago, aliyekufa mfiadini mwaka 258, alipofundisha kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu, macho yake yalikuwa kwa waliojitenga na Kanisa na kuanzisha la kwao. Hakuwa akimsema bibi kizee wa kijijini asiyewahi kuona padre. Ni kweli kwamba baadaye fundisho hilo lilitamkwa kwa ukali zaidi, hasa katika Mtaguso wa Firenze mwaka 1442. Lakini hiyo ilikuwa miaka 50 kabla Kolumbus hajavuka bahari, na Wakristo wengi wa Ulaya wakidhani kwamba Injili imekwisha kusikika karibu kila mahali. Dunia ilipoonekana ukubwa wake, swali nalo likakua. Mwaka 1863 Papa Pio IX alifundisha kwamba wasiolijua Kanisa pasipo kosa lao, na wanaoishi kwa unyofu kadiri ya sheria ya Mungu, wanaweza kwa nguvu ya neema kuufikia uzima wa milele.

Tuongeze kisa kimoja ambacho huwa hakisimuliwi sana. Huko Boston, Marekani, padre mmoja Myesuiti, Leonard Feeney, alifundisha kwa nguvu zote kwamba asiyekuwa Mkatoliki kwa wazi hawezi kuokoka. Tarehe 8 Agosti 1949 Roma ilimwandikia Askofu Mkuu wa Boston kukataa tafsiri hiyo, ikieleza kwamba mtu anaweza kuunganika na Kanisa hata kwa shauku iliyofichika moyoni mwake, mradi shauku hiyo iwe na imani na upendo utokao kwa Mungu. Feeney aliitwa Roma akakaidi, na mwaka 1953 akatengwa na Kanisa. Alipatanishwa mwaka 1972. Yaani mtu aliyesema kwamba wote walio nje wamepotea alijikuta yeye mwenyewe nje, na Kanisa likamfungulia mlango arudi.

Lakini sisi hupenda kuanza na Maandiko, na hapa tunawaomba mfungue Matendo ya Mitume, sura ya 10. Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi huko Kaisaria, si Mkristo wala Myahudi. Anasali, anawasaidia maskini. Malaika anamjia na kumwambia kwamba sala zake na sadaka zake zimepanda mpaka mbele za Mungu. Zimepanda kabla ya ubatizo, kabla Petro hajamhubiria Yesu. Kwa hiyo lile jibu la Malindi halikuwa neno la mwisho, maana Mungu alizisikia sala za Kornelio. Sasa tutazame kinachofuata. Malaika hamwambii kwamba basi, inatosha, endelea hivyo hivyo. Anamwambia atume watu Yafa wamwite Simoni Petro. Malaika mwenyewe angeweza kumhubiria papo hapo, amekwisha kuingia nyumbani. Lakini kazi hiyo anamwachia mvuvi ambaye bado anasitasita kukanyaga nyumba ya mtu wa mataifa. Mungu anamsikia Kornelio, na bado anamtuma Petro. Anayeona nusu moja tu ya sura hiyo hajaisoma.

Mtume Paulo naye anayaweka mambo hayo mawili karibu kiasi kwamba wembe haupiti katikati. Katika waraka wa kwanza kwa Timoteo, sura ya 2, mstari wa 4 unasema kwamba Mungu anataka watu wote waokoke. Mstari wa 5 unasema kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo Yesu. Wapole huusoma wa 4 na kufunga kitabu. Wa vipaza sauti huanzia wa 5. Paulo hakuona shida kuiandika yote kwa pumzi moja, kwa sababu kwake mpatanishi ni mmoja hasa kwa kuwa alijitoa kwa ajili ya wote.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano haukusema kingine. Hati juu ya Kanisa ya mwaka 1964, aya ya 16, inawataja kwa jina Waislamu, wanaomwabudu pamoja nasi Mungu mmoja mwenye huruma, na inawataja pia wanaomtafuta Mungu wasiyemjua. Hati juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ya mwaka 1965, aya ya 22, inaongeza kwamba Roho Mtakatifu huwapa watu wote nafasi ya kushirikishwa fumbo la Pasaka kwa namna ambayo Mungu anaijua. Tuangalie vizuri: ni fumbo la Pasaka la Kristo. Anayeokoka anaokolewa na Yesu, hata kama jina la Mwokozi wake atalijua atakapofumbuliwa macho upande wa pili. Na wasomaji wa haraka wasisahau kwamba aya hiyo hiyo ya 16 inamalizika kwa kukumbusha jinsi wanadamu wanavyodanganyika na kupotea, na kwa sababu hiyo Kanisa haliachi kutuma wamisionari.

Mwaka 2000 Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilitoa tamko Dominus Iesus, na makelele yalikuwa mengi. Walioshtuka waliona maneno makali juu ya upungufu wa dini nyingine. Wachache waliendelea mpaka mahali tunapokumbushwa sisi Wakatoliki kwamba hadhi yetu si stahili yetu bali ni neema, na kwamba tusipoiishi tutahukumiwa kwa ukali zaidi. Mwaka 2024, kwa upande mwingine, marehemu Papa Fransisko aliweka pembeni hotuba iliyoandikwa akazungumza na vijana wa dini mbalimbali huko Singapore, akazifananisha dini na lugha na njia za kumwendea Mungu. Simu zetu zilijaa maswali wiki ile. Kwa maoni yetu, maneno yaliyosemwa papo kwa papo kwa vijana ili wazungumze bila kugombana yasomwe hivyo. Hayakufuta Kanuni ya Imani, ambayo Mababa wa Nisea waliiungama mwaka 325 nasi tunaiungama kila Jumapili: kwa ajili yetu sisi wanadamu na kwa ajili ya wokovu wetu alishuka.

Turudi kidogo kwa neno njia. Mgeni akiuliza njia kijijini, kuna anayemwonyesha kwa kidole, na kuna anayeweka jembe chini, akafunga safari pamoja naye mpaka penye nyumba. Huko ndiko kusindikiza. Bwana hakusema kwamba anaijua njia au anayo ramani yake. Ni yeye mwenyewe, tena anatembea. Wale wawili wa Emau walitembea naye bila kumtambua, na mioyo ikawaka. Basi tunapomjibu mtu kuhusu mzee wake, tunasema hivi: hatuna mamlaka ya kutamka kwamba ameokoka, wala hatuna mamlaka ya kutamka kwamba amepotea. Tunajua aliye Hakimu, na kwamba alimfia mzee huyo pia. Tunatumaini, na tumaini hilo lina msingi.

Kwa sababu ya tumaini hilo, yako mambo ya kutenda na ya kutotenda. Tumesikia wanafamilia wanaommwagia maji kwa siri mgonjwa wa dini nyingine akiwa hajitambui, ili "wamwokoe". Tunawasihi msifanye hivyo. Kanuni ya 865 ya Sheria za Kanisa inadai kwamba mtu mzima, hata akiwa katika hatari ya kufa, awe ameonyesha kwa namna fulani nia ya kubatizwa. Ubatizo hauibiwi. Aliye hai na ana fahamu, zungumza naye. Mwambie Yesu ni nani kwako, kisha umwache ajibu yeye mwenyewe.

Na waliokwisha kufariki? Katika Sala ya Ekaristi ya 4 Kanisa linawakumbuka marehemu wote ambao imani yao Mungu peke yake aliijua. Kanuni ya 901 inampa padre ruhusa ya kutolea Misa kwa ajili ya mtu yeyote, mzima au marehemu. Haisemi Mkatoliki, haisemi Mkristo. Kwa hiyo anayetaka nia ya Misa kwa ajili ya baba, bibi au jirani yake wa dini nyingine aje ofisini kama wengine wanavyokuja. Haina haja ya kutangazwa kwa ndugu ambao ingewachoma. Mungu anasikia pasipo kipaza sauti. Wala jina halibadilishwi kitabuni ili lionekane la Kikristo. Kama marehemu aliitwa Abdallah, katibu ataandika Abdallah.