Mwaka wa Nzige

Fundi alibandika stika juu ya jiwe lote, akaisugua kwa kitambaa mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Herufi zilikuwa zimekwisha kukatwa na mashine. Akanipa wembe.

"Dada, ng'oa herufi tu. Tumbo la O liache."

Panapobaki stika jiwe hubaki laini. Panapong'olewa, mchanga unakula. Nilidhani mchanga ungeanza kutoboa stika, maana granaiti ni ngumu zaidi. Kumbe ugumu ndio unaoiponza: chembe zikiligonga jiwe linameguka punje kwa punje, zikiigonga stika zinadunda.

Tulikuwa Kashai, nyuma ya karakana, na jiwe lilikuwa la kaburi la bibi, aliyelala kibanjani kwetu Kamachumu, kati ya migomba. Jina nililing'oa vizuri. Tarehe ya kufa pia. Ya kuzaliwa ikanishinda.

Kitambulisho cha taifa kilisema 1 Januari 1938, siku ambayo wazee wa nchi hii wamezaliwa kwa wingi wa ajabu. Kadi ya mpiga kura ilisema 1941. Mjomba aliagiza 1938. Bibi mwenyewe alikuwa akisema alizaliwa mwaka wa nzige, basi mimi, msomi wa nyumba, nikapekua vitabu: nzige wekundu waliisumbua sehemu hii ya Afrika kuanzia 1930 hadi 1944. Mwaka wa nzige una miaka 15.

"Jiwe halina ufutio," fundi alinikumbusha, huku akijifunga kitambaa puani. Kitambaa hivi hivi. Vumbi la mchanga huu huua mapafu. Uingereza ilitunga kanuni za kuukataza kwa kazi hii tangu 1949. Nilimwambia jiwe limefunikwa vizuri kuliko yeye. Akacheka, akaniuliza kofia yake inauzwa shilingi ngapi. Sikuwa na jibu.

Nikampigia mama.

"Zile namba usipozing'oa inakuwaje?"

"Panabaki patupu, mama."

Alinyamaza kidogo. "Basi paache. Mama yangu hakuwahi kutuambia 1938."

Nikamrudishia fundi wembe wake. Kompresa ikaunguruma.

Jumapili mjomba alisimama kaburini, akasoma neno "Kuzaliwa", akapapasa ule weusi laini uliofuata. Aliuliza kama fundi anaweza kuongeza tarehe baadaye. Anaweza. Atabandika stika nyingine.