Barua kutoka Glasgow: Mfuko Uliogeuka Meli

Mjomba,

Nimefika Scotstoun, kando ya mto Clyde, kwenye karakana iliyokuwa ya Yarrow. Siku hizi wanashughulika na manowari, lakini vipande vya MV Victoria, meli yetu ya Ziwa Victoria, vilitoka hapa, vikavuka bahari hadi Mombasa, vikapanda treni hadi Kisumu, vikaunganishwa, na meli ikaanza kazi 1961. Mwanzoni iliitwa RMS, yaani meli ya posta ya kifalme, kwa kuwa ilibeba barua. Tulipopata Uhuru ndipo ikawa MV.

Herufi hizo zimenichokoza. "Meli" ni "mail" ya Waingereza, na zamani "mail" haikuwa chombo wala barua. Ilitoka kwa Wafaransa, ikiwa na maana ya mfuko au sanduku la safari. Kufikia karne ya 17 Waingereza walikuwa wakisema "mfuko wa barua", kisha wakakatisha, likabaki "mfuko" tu, na mfuko ukawa barua zenyewe. Mwaka 1784 yakaanza magari ya farasi ya kubeba barua, baadaye meli za moshi. Watu wa pwani wakaona chombo kinafuka moshi na kushusha magunia ya posta, wakakipa chombo chenyewe jina la mzigo. Ndiyo maana leo Victoria hiyohiyo, sasa New Victoria Hapa Kazi Tu, ikitoka Bukoba imesheheni ndizi mpaka sitaha haionekani, bado ni meli.

Wenyewe huku hata hawaelewani. Gari jekundu limeandikwa Royal Mail, ila jirani yangu husubiri "post". Wamarekani husema "mail", na shirika lao wakaliita la "post". Usiniulize.

Na "blackmail" si barua nyeusi. "Mail" hiyo ni nyingine kabisa, neno la Waskoti hawahawa la kodi: wezi wa ng'ombe wa mpakani mwa Uskoti na Uingereza waliwatoza wafugaji ili mifugo yao isiguswe. Kwetu, miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe wa Usukuma nao walijaribu ubabe wao, wakakutana na sungusungu, walinzi wa vijiji.

Wataalamu wametupa "baruapepe", neno zuri, nalitumia kwenye maandishi. Lakini mtaani Kirumba, Mwanza, mtu atakwambia, "Nitumie kwa imeli." Kwa hiyo "mail" imetuingia mara mbili, ya kwanza na moshi na honi, ya pili bila hata karatasi. Binafsi naipenda zaidi ile ya kwanza. Angalau ilikuwa na daraja la tatu.

Wasalimie wote nyumbani. Picha za karakana nimezituma kwa imeli, mwambie binamu akufungulie.