Kuhamisha Orodha ya Wanafunzi Kutoka Lahajedwali Hadi Hifadhidata: Tuliyoyaona Iyunga

Mwalimu anapomaliza chuo na kuripoti katika shule yake ya kwanza, hukabidhiwa chaki, muhtasari wa somo na darasa. Hazipiti siku nyingi kabla hajakabidhiwa pia kazi ambayo chuoni haikutajwa sana, nayo ni utunzaji wa kumbukumbu za wanafunzi. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya kalamu na rejesta peke yake. Siku hizi, mara mwalimu mkuu anapopata habari kwamba mwalimu mgeni amewahi kushika kompyuta, humwita ofisini, humfungulia faili lenye majina ya watoto wote, kisha humwambia, "Mwalimu, wewe ni kijana, hebu tutengenezee hii." Makala haya yanahusu "hii" hiyo.

Sisi tunaoandika tuliikalia kazi ya namna hiyo katika shule moja ya msingi hapa Iyunga. Wanaoijua Iyunga wanajua kwamba watu wake hawatulii. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, inapita hapa, barabara kuu iendayo Tunduma inapita hapa, na viwanda huajiri na kuachisha kazi kila msimu. Mzazi akihama, mtoto huhama naye. Pengine hurudi baada ya miezi sita akiwa na jina lililoandikwa kwa namna nyingine. Rejesta ya shule ya aina hii haikauki wino. Kwa sababu hiyo shule iliamua kwamba orodha zake, ambazo zilikuwa katika lahajedwali za Excel, karatasi moja kwa kila mkondo, karatasi kumi na nne kwa jumla, ziingizwe katika hifadhidata ya Access ndani ya kompyuta ya ofisi.

Yafaa kwanza tueleze tofauti ya vitu hivi viwili, maana kwa macho vinafanana. Lahajedwali ni kama ubao mpana uliochorwa mistari. Waweza kuandika popote upendapo: kichwa cha habari juu, jumla chini, maoni pembeni, na ubao haukuulizi kitu. Hifadhidata ni kama kabati lenye kadi, ambamo kila mtoto ana kadi yake, na kila kadi ina nafasi zile zile kwa mpangilio ule ule: jina, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, simu ya mzazi. Nafasi ya tarehe haipokei jina. Ukali huo ndio faida yake, kwa kuwa ukiiuliza hifadhidata ni wasichana wangapi wa darasa la nne waliozidi umri wa miaka kumi na miwili, itakujibu mara moja. Ila itakujibu kwa yale tu uliyoyaingiza.

Uingizaji wenyewe, kwa kubonyeza, ni kazi ya dakika chache. Programu huuliza faili liko wapi, huuliza kama mstari wa kwanza una majina ya safu, huuliza kila safu ni ya aina gani, kisha huuliza ufunguo msingi ni upi. Maswali hayo huulizwa kwa Kiingereza, na walimu wengi huyapita kwa kubonyeza "endelea" mpaka mwisho. (Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Twasikitika kwamba katika shule tulizozizoea ni nadra kumkuta aliyewahi kuiona.) Mwalimu asiyesoma maswali hayo huiachia mashine iamue kwa niaba yake, na ni lazima tujue mashine huamua kwa njia gani.

Access inapopokea karatasi ya Excel hutazama mistari minane ya kwanza ya kila safu, na kwa kuitazama hiyo hupendekeza aina ya safu nzima. Chukua safu ya simu za wazazi. Katika lahajedwali yetu namba hizo zilikuwa zimekwisha kupoteza sifuri ya mbele, kwa kuwa Excel huiona namba ya simu kuwa ni hesabu, na katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Mistari minane ya kwanza ilikuwa na tarakimu tupu. Mashine ikapendekeza kwamba safu hii ni ya namba. Lakini chini zaidi walimu walikuwa wameandika kama mwalimu yeyote mwenye akili angeandika: hapa "ya jirani", pale namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, kwingine "hana". Pendekezo lile likikubaliwa, nafasi hizo zote hubaki tupu. Mzazi mwenye simu mbili huonekana kama mzazi asiye na simu kabisa. Programu hutengeneza jedwali dogo la makosa linalotaja safu na mstari uliokataa kuingia, na jedwali hilo lapasa kusomwa hadi mwisho kabla ya kufunga kompyuta. Dawa yenyewe ni nyepesi: safu ya simu itajwe tangu mwanzo kuwa ni ya maandishi. Hakuna mtu anayejumlisha namba za simu.

Kadhalika kuna mambo ya vichwa na jumla, ambayo tutayapita haraka. Jina la shule lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya karatasi lazima liondolewe, ili mstari wa kwanza uwe na majina ya safu tu, na majina hayo yafanane herufi kwa herufi katika karatasi zote kumi na nne. Mistari ya JUMLA iliyo chini nayo iondolewe. Isipoondolewa, shule itapata mwanafunzi aitwaye Jumla katika kila mkondo, asiye na jinsi wala tarehe ya kuzaliwa, naye atahesabiwa.

Tarehe zilitukalisha siku mbili nzima katika baridi ya Juni. Kompyuta moja iliyotumika kuandikia orodha ilikuwa imepangwa kwa desturi ya Kimarekani, ambayo hutanguliza mwezi. Mwalimu aliandika 5/3/2013 akimaanisha tarehe 5 Machi. Kompyuta ikaelewa tarehe 3 Mei. Aliandika 13/5/2013, kwa kuwa hakuna mwezi wa kumi na tatu, kompyuta ikashindwa kuielewa kama tarehe na kuiacha kama maandishi. Hivyo safu moja ikawa na tarehe sahihi, tarehe zilizogeuzwa, na maandishi, na kwa kuziangalia tu huwezi kuzitenga. Wengine huona katika safu hiyo namba kama 41338 wakadhani faili limeharibika. Halijaharibika, kwani Excel huihifadhi tarehe kwa kuhesabu siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, na namba hiyo ndiyo 5 Machi 2013. Hatukuona njia nyingine ila kurudi kwenye rejesta ya uandikishaji na kusahihisha mtoto mmoja mmoja, mmoja wetu akisoma na mwingine akipiga. Ipo hila ya kugawa tarehe katika safu tatu, siku, mwezi na mwaka, na tunaipendekeza kwa shule inayoanza upya.

Sasa ufunguo. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, alichapisha makala ambayo juu yake hifadhidata nyingi za leo zimejengwa. Moja ya mambo aliyoyaeleza ni kwamba kila mstari katika jedwali utambulike kwa kitu ambacho mstari mwingine hauna. Je, jina laweza kuwa kitu hicho? Hapa Mbeya, hapana. Koo nyingi za nyanda hizi huanza na Mwa-, na orodha ikipangwa kwa alifabeti ya jina la ukoo, karibu nusu ya darasa hujazana kwenye herufi M. Tumaini aweza kuwa mvulana au msichana. Tulikuta watoto wawili wenye majina matatu yanayofanana, wa darasa moja, mikondo tofauti. Tukakuta pia mtoto mmoja aliyeandikwa mara mbili, kwa kuwa alihama, akarudi, na herufi moja ya jina lake ikabadilika njiani. Mtu akiiamuru mashine ifute majina yanayojirudia, itamfuta mtoto halali na kumwacha yule wa uongo. Ufunguo uwe namba ya mwanafunzi, ile anayopewa katika mfumo wa PReM wa Baraza la Mitihani, nayo ihifadhiwe kama maandishi. Pale ambapo namba haijapatikana, tulimpa mtoto namba ya muda yenye herufi mbele yake ili isichanganywe na namba halisi.

Hata hivyo, jambo lililotusumbua kuliko yote hayo halikuonekana katika jedwali la makosa.

Katika karatasi ya darasa la tano, baadhi ya majina yalikuwa yamepakwa rangi ya manjano, na mengine mawili rangi ya kijani. Tulipokwisha kuingiza karatasi hiyo kwa majaribio, kila kitu kilikuwa kamili: idadi ilitimia, tarehe zilitimia, jedwali la makosa halikutokea. Ila rangi hazikuwapo. Hifadhidata huchukua kilichoandikwa ndani ya kisanduku, haichukui sura ya kisanduku. Tulimwendea mwalimu wa darasa, mama aliyebakiza muda mfupi kustaafu, tukamwuliza maana ya manjano.

"Hao ni watoto wangu wa mbele," akasema. "Hawaoni ubaoni. Wale wa kijani hawasikii vizuri, ndio nawaweka upande wa dirisha nikisimamapo."

Hakuwa ameandika popote maana ya rangi hizo, na kwa nini aandike? Orodha ilikuwa yake, darasa lilikuwa lake, na watoto aliwajua. Lakini tufikirie mwaka unaofuata. Mwalimu amestaafu, lahajedwali ya zamani imefutwa kwa kuwa sasa "tuna mfumo", na mwalimu mgeni anapokea darasa la sita kutoka katika hifadhidata safi isiyo na kosa hata moja. Mtoto asiyeona ubaoni huonekana mvivu wa kunakili. Afikapo darasa la saba, karatasi ya mtihani yenye maandishi makubwa huandaliwa kwa mtahiniwa ambaye shule imetoa taarifa za uoni wake hafifu wakati wa usajili. Shule isiyojua haitoi taarifa. Yote hayo yangetokea bila mashine kukosea na bila mtu kubonyeza vibaya.

Tuliongeza safu moja iitwayo Mahitaji katika karatasi zote kumi na nne, tukawarudishia walimu wa madarasa waijaze kwa maneno kabla ya kuingiza upya. Zoezi hilo lilichukua wiki nzima, na wapo waliotunung'unikia. Lakini zilirudi na habari ambazo hazikuwahi kuwa katika karatasi yoyote.

Kwa wanachuo ambao bado hawajafika kwenye kompyuta, tumelifundisha jambo hili kwa manila na penseli, na twaona njia hiyo ni bora kuliko kuanza na mashine. Vikundi vya watu watano huandika orodha ya watoto kumi na wawili wa kubuni, kwa fujo ile ile ya maisha: simu mbili, tarehe za mitindo mitatu, majina yaliyozungushiwa duara jekundu. Mmoja wa kikundi huwa mashine. Amekatazwa kufikiri. Hufunika mistari iliyo chini ya ule wa nane, hutangaza aina ya kila safu, kisha hufunua na kunakili kila mtoto katika kadi yake, akiacha tupu kila kisichoafiki tangazo lake. Ana penseli nyeusi tu. Kundi lingine hupewa kadi peke yake na kuulizwa habari za watoto. Kwa kawaida kelele huanza linapoulizwa nani anahitaji msaada, maana waliochora duara jekundu husimama kulalamika kwamba walikwisha kusema.

Hesabu ya pande zote mbili isisahauliwe. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, matokeo ya vipimo 15,841 huko Uingereza yaliachwa nje ya takwimu kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, kwa kuwa yalipitishwa katika faili la Excel la mtindo wa zamani lisilobeba zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilianguka kimya. Shule haitafikia mistari hiyo, lakini kuanguka kimya kwaweza kutokea kwa mistari mitatu pia. Andika kwenye karatasi idadi ya wavulana na wasichana wa kila mkondo kabla ya kuingiza, na idadi baada ya kuingiza. Lahajedwali asilia itunzwe bila kuguswa mahali pengine. Na mahali pengine pasiwe kompyuta ya duka la steshenari kule barabarani, kwa sababu safu ya Mahitaji inabeba habari za afya za watoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu.

Rejesta za wino hatukuzitoa kabatini. Kila mwisho wa mwezi walimu wa madarasa husoma idadi zao kwa sauti, na mmoja wetu huzilinganisha na za kompyuta. Mwezi ambao zinapishana, tunaanza kutafuta kwa kufungua rejesta.